Kabla Mama Hajaliwasha Tena Tangi la Baba

Barabara ya Burrows,
Winnipeg, Manitoba.
30 Novemba 2023

Mpendwa Mama mdogo Slavka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limekubali kupanda zile ngazi za kanisani bila kununa. Baba mdogo Walter hajambo? Kile kikohozi chake kimekwisha, au bado anakifuga kama paka? Najua huko Prince Rupert mvua haijakatika tangu Septemba, nawe utasema hiyo si habari.

Huku kwetu theluji imewahi mwaka huu. Leo asubuhi ilikuwa nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri, na basi langu la shule lilikohoa mara tatu ndipo likawaka. Kaka Ostap na mkewe hawajambo. Mimi nakula, natembea, nafanya kazi. Usingizi ndio umenikimbia. Mama yupo nyumbani kwake na anakusalimu.

Sasa nikuambie kwa nini naandika, maana ukiona bahasha ya haraka utadhani kuna msiba. Hakuna msiba. Ila nina hofu, Mama mdogo, hofu ya kukausha mate mdomoni. Mama anataka kuliwasha tena lile tangi la kupashia maji kwa gesi la marehemu baba, tangi ambalo wiki mbili zilizopita nusura limuue. Nimesema, Ostap amesema, padre amesema. Hasikii la mtu. Umebaki wewe.

Najua Ostap alikupigia simu akasema mama alilazwa siku mbili kwa kizunguzungu. Hakusema uongo, ila alikata kipande kikubwa cha habari ili usishtuke. Mimi nakupa nzima.

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne. Akina mama sita walikuwa kwa mama wakitengeneza pirohi za mnada wa kanisa, wakikunja viazi ndani ya unga uliokandwa, kule kule kwenye jiko la chini ya nyumba. Unalijua: meza ndefu, masufuria makubwa kama ya kuogeshea mtoto, na ile feni kubwa ya kuvuta moshi ambayo baba aliinunua kwenye mkahawa uliofungwa, akatoboa ukuta na kuipachika ili harufu ya vitunguu isipande juu kwenye mapazia. Walianza saa moja asubuhi. Mimi nilimaliza kupeleka watoto shuleni, nikapitia dukani kuchukua krimu chachu, nikafika saa tano.

Wewe mwenyewe unajua, siku ya pirohi ukifungua mlango wa mama kelele ndizo hukupokea kwanza. Wanaimba, wanasengenya, wanagombania nani kakunja vibaya. Siku hiyo sikusikia sauti ya mtu. Nilisikia feni tu. Nilisimama juu ya ngazi na kile kikopo cha krimu mkononi.

Nikashuka. Bi Odarka alikuwa ameegemeza shavu mezani katikati ya unga, macho wazi. Wawili walikuwa wamekaa sakafuni na aproni zao. Mama alisimama kwenye sinki, bomba la maji ya moto likitiririka, anasugua sufuria ambalo lilikwisha kung'aa. Hakugeuka.

"Mama, mna nini?" nikauliza.

"Vitunguu," akasema. "Vitunguu vya mwaka huu vikali."

"Vitunguu wapi!" Bi Pavlina akasema kutoka sakafuni. "Ni Odarka na samaki wake wa siki. Katumaliza."

"Samaki wangu usimsingizie," Bi Odarka akajibu bila kuinua shavu. "Wewe umetapika hata hujamwonja."

Wakacheka, lakini kicheko chao kilikuwa cha watu wanaosinzia. Nikatazama lile dirisha dogo juu ya tangi, nikaona kioo kinatiririka jasho. Hapo nikakumbuka karatasi. Nitakueleza karatasi gani, lakini kwanza niwatoe watu hao ndani, maana hata katika kuandika siwezi kuwaacha mle.

Niliwapandisha mmoja mmoja. Sijui nguvu nilizitoa wapi. Bi Odarka alinizidi uzito mara mbili na njia nzima alikuwa ananigombeza kwamba unga utakauka. Niliwakalisha nje kwenye theluji na aproni zao, nikawafunika mablanketi, nikapiga simu. Zimamoto walipofika walishuka na kipimo chao, na wakapanda upesi kuliko walivyoshuka. Yule mkubwa wao akaniambia kwamba kama ningechelewa nusu saa, wangeleta magari ya aina nyingine.

Ilikuwa ile gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ilitoka kwenye tangi.

Sasa ile karatasi. Hii ni sehemu yangu, Mama mdogo, na nakuomba usinihurumie. Unakumbuka Oktoba ya mwaka 2021 tulibadilisha tanuri la kupashia nyumba joto. Tukaweka jipya, lile la kubana matumizi, ambalo moshi wake unatoka kwa bomba la plastiki ukutani. Wakati huo huo tukabadilisha madirisha, na mimi kwa mikono yangu nikaziba kila ufa kwa gundi mpaka nyumba ikawa kama chupa. Tangi la maji tukaliacha. Lilikuwa linawaka vizuri, baba aliliweka yeye mwenyewe, na kila mwaka alilimwaga tope na kuandika tarehe ubavuni kwa rangi nyeupe. Nani angeligusa?

Fundi wa tanuri alinivuta pembeni. Alisema ile dohani ya matofali ilijengwa kubeba moshi wa vitu viwili, tanuri na tangi. Tanuri likiondoka, tangi linabaki peke yake kwenye dohani kubwa yenye baridi, moshi wake hauna nguvu ya kupanda. Na nyumba iliyozibwa hivyo, mkiwasha feni kubwa, itatafuta hewa popote, itaivuta kupitia dohani, na moshi utarudi chini. Akaandika yote kwenye karatasi: badilisheni na tangi pia. Nikaweka sahihi. Nikaitia karatasi mkobani.

Mimi, ambaye nakagua jiko mara tatu kabla ya kutoka nyumbani. Mimi, ambaye mnanicheka kwa uoga tangu utoto. Nilijiambia, mwakani. Majuto ni mjukuu, na wangu amekuja akiwa mtu mzima.

Na kengele ya gesi je? Nilijua lazima utauliza. Niliikuta kwenye droo ya vitambaa vya Pasaka, imefungwa ndani ya kitambaa cha kutarizi, betri zimetolewa na kuwekwa kando yake kwa adabu. Mama aliniambia bila haya kwamba ilikuwa inalia kila akikaanga vitunguu. "Haipendi vitunguu," alisema. "Sasa katika nyumba hii ikae wapi?" Kumbe kila ilipolia ilikuwa inasema kweli, na wao wakaizima waendelee na kazi. Bi Odarka naye ameificha ya kwake vile vile, nimekwenda kuangalia. Nadhani nusu ya akina mama wa kanisa letu wamefanya hivyo.

Watu wa gesi walikuja siku ile ile, wakafunga bomba na kuning'iniza kadi nyekundu kwenye tangi. Ni marufuku kuliwasha. Ostap hakungoja. Kesho yake alinunua tangi jipya, lile lenye pampu ya joto juu yake. Halichomi kitu, halina moto wala moshi, kwa hiyo halihitaji dohani. Linavuta joto la hewa ya mle chini na kulitia kwenye maji, na umeme linaotumia ni kama theluthi moja ya tangi la kawaida la umeme. Limekaa gereji ndani ya boksi lake hadi leo. Fundi amekuja mara mbili kulifunga, na mara mbili mama amemrudisha mlangoni, akampa pirohi za kubeba.

Ungemsikia na Ostap ungecheka, hata mimi nilicheka siku hiyo.

"Joto linalitoa wapi?" mama akauliza.

"Humu humu chini, mama."

"Joto nililokwisha lilipia?"

"Eeh, lakini kidogo tu."

"Yaani linaniibia joto langu, halafu linanipashia maji nalo, nami niseme asante?"

"Mama, halina sumu!"

"Na umeme ukikatika, likiwa nyuzi thelathini chini ya sifuri? Lile la baba yako linawaka bila umeme. Tulioga sisi na jirani zetu wote wakati wa ile dhoruba. Wewe ulikuwa mchanga, hukumbuki."

Hapo mama ana hoja. Ostap akasema ataleta jenereta. Mama akasema nyumba yake si uwanja wa ujenzi. Nikadhani ni ukaidi tu wa utu uzima, tutaungojea upoe.

Sivyo. Jumamosi iliyopita nilikwenda kumchemshia maji ya kuoga, maana tangu siku ile anaoga kwa birika na karai. Nikamkuta amekaa chini kwenye lile kochi la baba, koti amevaa, anatazama tangi. Nikakaa. Akaniuliza baba alifariki tarehe ngapi, kana kwamba tarehe hiyo inasahaulika. Nikamwambia kumi na tisa Februari, mwaka jana. Akasema, "Miezi minne tangu tanuri jipya."

Hesabu hiyo nilikuwa nimekwisha ifanya hospitalini, nimekaa kando ya kitanda chake, nikaapa kwamba itakufa nami. Kumbe amelala pale anaifanya na yeye.

Akanisimulia siku ile, na wewe ulikuwepo, kwa hiyo utanisahihisha. Ulikuwa umekuja kwa ubatizo wa mjukuu wa Ostap. Mlikuwa chini wewe na yeye tangu alfajiri, mnakunja pirohi, feni inavuma, na maji ya moto hayakupumzika. Baba alikuwa kwenye kochi anasikiliza mechi redioni. Saa sita mkapanda juu kunywa chai. Mama akaiacha feni inavuma ili itoe harufu. Alimwona baba amelala, akamvuta blanketi mpaka mabegani, akaona asimwamshe. Mliposhuka saa nane alikuwa amekwisha kwenda. Daktari akasema ni moyo, ana miaka sabini na tisa, moyo ulikwisha kumsumbua zamani. Hakuna aliyepima kitu kingine, na hakuna aliyefikiri kupima.

"Kama ni tangi," mama akaniambia, "basi mimi ndiye niliyeiacha feni. Nimemfunika vizuri afe."

Mama mdogo, nilijaribu. Nilimletea ile karatasi yenye sahihi yangu. Nikamwambia aliyeambiwa na akanyamaza ni mimi, dhambi ni yangu. Aliisoma yote kwa miwani yake, akaikunja, akanirudishia. Akasema, "Unanihurumia. Karatasi haizungushi feni."

Tangu hapo ameshika jambo moja. Anataka tangi liwashwe, afunge milango, awashe feni, akae pale kwenye kochi peke yake kuanzia asubuhi mpaka saa nane, kama baba. Akipanda ngazi mzima, atajua kwamba baba alikwenda kwa moyo wake na ile ya Jumanne ilikuwa bahati mbaya ya siku moja. Nikamwuliza, na usipopanda? Akasema, "Nitakuwa nimejua pia." Alisema hivyo kama mtu anayezungumzia nauli ya basi.

Na ameshapata wa kumwashia. Ni Mzee Harasym wa nyumba ya pili, yule aliyekuwa fundi wa gesi kabla hajastaafu. Yeye hajui nia ya mama, anadhani bibi wa watu anataka maji ya kuogea. Anasema enzi zake kadi nyekundu ilikuwa karatasi tu. Sasa yuko mjini Brandon kwa mwanawe, anarudi Jumamosi ya tarehe tisa Desemba. Nitamvizia kituoni nimsihi, lakini hata akinikubalia, mama anajua pa kupata mwingine. Ostap anataka kwenda kulikata tangi kwa msumeno. Mama amesema siku atakayoingia na msumeno ndiyo siku atakayokuwa hana mama. Ninamwamini, na Ostap pia anamwamini, ndiyo maana msumeno uko bado garini.

Nimemlilia mpaka akachoka. Mwishowe akanipa sharti moja, na ndilo linalonifanya niandike badala ya kupiga simu. Anasema siku ile baada ya chai ulikwenda kujilaza. Ulisema umechoka. Yeye kichwa kilimuuma, lakini kila Februari kinamuuma, kwa hiyo hawezi kukitegemea. Wewe huwa huumwi kichwa, hilo tunalijua sote. Basi anataka umwambie: siku ile ulijilaza kwa uchovu, au kichwa kilikuuma? Ukisema kilikuuma, ataamini ni tangi, atamruhusu fundi kulitoa na kuweka jipya. Ukisema hakikukuuma, ataliwasha ajihakikishie. Na anataka jibu kwa maandishi ya mkono wako. Anasema kwenye simu wewe humpoza kila mtu, ila kalamu yako haijawahi kumdanganya.

Umeona nilipofika. Ukimwandikia kwamba kichwa hakikukuuma, atafurahi kama sijamwona akifurahi tangu mazishi, na ataishuka ile ngazi na furaha yake. Ukimwandikia kwamba kilikuuma, ataishi. Atakuwa na maji ya moto, hatakuwa na sumu ndani ya nyumba, na kila asubuhi ataamka akijua kwamba ndiye aliyemwacha mumewe na ile feni. Mimi nakuomba hilo la pili. Ninamwombea mama yangu maumivu hayo kwa mkono wangu mwenyewe.

Kama kilikuuma, mwandikie. Kama hakikukuuma, Mama mdogo, mwandikie kwamba kilikuuma. Nimeandika sentensi hiyo nikaweka kalamu chini, nikazunguka meza, nikarudi. Sijaifuta. Najua wewe na yeye hamjawahi kudanganyana tangu mlipokuwa mnalala kitanda kimoja, na najua ninachokuomba. Mimi usiniambie kamwe ni jibu gani lilikuwa la kweli. Nitakaa naye akilia, usiku na mchana, mwaka mzima kama itabidi. Aliye hai mtu anaweza kulia naye.

Tafadhali iweke barua yako posta kabla ya Jumatano, kwa njia ya haraka, ili imfikie kabla ya tarehe tisa.

Nisalimie Baba mdogo Walter na umwambie avae skafu hata kama haoni haja. Nisalimie mwanao Ihor na watoto wake wawili. Ostap anakusalimu, Bi Odarka na Bi Pavlina, ambao wamepona na wamerudi kugombana, wanakusalimu pia. Mungu akulinde, akupe mkono mwepesi na moyo mzito, maana barua utakayoandika inahitaji vyote viwili.

Mimi mtoto wa dada yako, nikupendaye na ninayekungojea,

Orysia

Nyongeza: Mama ameniona nikiandika. Hakuuliza nimesema nini. Ameleta stempu kutoka kwenye droo yake, akaibandika mwenyewe, akaikandamiza kwa kidole gumba kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza barua huchukua siku ngapi kufika kwako. Nikamwambia tatu. Akasema, "Basi zitakuwa siku tatu zaidi ambazo sijamuua baba yako."